Kutoka Chungu cha Jikoni hadi Sahani ya Mgeni

(Hotuba ya walimu iliyosomwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Tumepewa dakika kumi tuzungumze juu ya kazi za mikono, nasi tumechagua ufinyanzi. Tunajua wapo watakaosema, vyungu tena? Tunaomba subira yenu.

Sisi wa Kismayu, Koyama, Chovai na Chula tumelelewa na hadithi za sahani. Nyumba ya heshima ilikuwa na sahani za kigeni ukutani, na mgeni mkubwa ndiye aliyeteremshiwa. Wazee wa kale walipachika bakuli za Kichina hata makaburini. Aliyefika Mambrui ameiona nguzo ile. Katika karne ya 19 zikaja pwani bakuli za maua kutoka Maastricht, Uholanzi. Maua yale hayakuwa ya mashine. Kipande cha sifongo kilikatwa umbo la ua, kikachovywa rangi, kikagongwa juu ya bakuli, kikachovywa tena. Kumbe aliyetupambia bakuli la wali alikuwa kibarua, huenda msichana wa umri wa hawa walioketi mbele.

Lakini chungu, mtungi na chetezo vilifinyangwa kwetu, na wafinyanzi walikuwa wanawake. Bibi mmoja wa mtaa wetu hapa kambini, aliyevuka kwa jahazi mwaka 1991 na kukaa kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi ilipofungwa miaka ile ile ya 1990, bado ana mkono huo. Huchora shingo ya chungu udongo ukiwa umeshika lakini haujakauka. Kwao alitumia ukingo wa gamba la chaza. Hapa chaza hakuna, anatumia kifuniko cha soda.

Sasa tuseme kosa letu, maana ni letu. Mwaka jana wasichana wa darasa la saba walifinyanga sahani kumi na mbili, zikachomwa, kisha tukazipaka maua kwa rangi ya mafuta ya dukani. Zilipendeza sana. Mkahawa mmoja ukazinunua. Wiki haikwisha, sahani zikarudi: mchuzi wa moto umebandua maua, na mafuta ya samaki yameingia ndani ya udongo, zinanuka. Fedha tulirudisha. Wasichana walilia, na wazazi wawili wakawatoa watoto wao katika kikundi.

Tuliuliza, tukasoma. Chungu cha moto wa wazi hakifiki nyuzi 1,000, kwa hiyo kinabaki na vitundu. Kwa chungu cha kupikia si neno, lakini sahani ya kuwekwa mezani hotelini hutaka moto wa tanuru, mara nyingi zaidi ya nyuzi 1,200, na juu yake unga wa mawe unaoyeyuka ukawa kioo. Rangi ya pambo hukaa chini ya kioo hicho au ndani yake. Na kioo kisiwe na risasi, maana ni sumu.

Njia hiyo imepitwa na wengine. Ladi Kwali wa Nigeria alifundishwa ufinyanzi na shangazi yake kijijini. Alichora mijusi na mamba juu ya mitungi. Mitungi yake ikaonekana katika jumba la Emir wa Abuja, na mwaka 1954 akaingia chuo cha ufinyanzi cha hapo, akajifunza tanuru na kioo. Leo picha yake imo katika noti ya naira 20. Kwake ndiko alikokwenda kujifunza, mwaka 1974, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950. Huyu alianza na uchoraji wa matangazo, akaenda Uingereza mwaka 1971, na huko ndiko alikogeukia udongo. Vyombo vyake si vya kulia, vimo katika majumba ya makumbusho. Hupanga udongo kwa mkono na kuusugua mpaka ung'ae, kazi ambayo bibi yetu angeitambua mara moja.

Ndugu zetu wa mashirika, mwaka huu mmetuletea cherehani, tunashukuru. Tanuru dogo la gesi tuliliomba, tukajibiwa kwamba ufinyanzi hauna soko. Soko tulikuwa nalo, ndilo lililoturudishia sahani! Kuni hatuombi, tunajua ugomvi wa kuni baina yetu na wenyeji. Kutoka kambini kwa kibali nako ni kugumu, kwa hiyo mwalimu wa tanuru na aje hapa.

Bibi hana nguvu tena za kukanda. Tumekubaliana naye kila Jumamosi saa tatu, chini ya mti wa ofisi ya shule. Wale wazazi wawili, tunawaomba muwarudishe mabinti. Udongo upo, tumeuloweka jana.