Beseni ya Bukari kwa Gare



Tuliombwa kwenye mukutano huu tuseme kidogo juu ya musaada na imani. Tutaanzia mahali ambapo kila mumoja wetu anapajua, hata watoto waliozaliwa nyuma ya pale: gare ya Likasi, mwaka 1992.

Kwa wafadhili wasiojua: mwezi wa 8 mwaka ule, Tshisekedi alichaguliwa kuwa waziri mukuu kule Kinshasa. Hapa kwetu, katika jimbo lililoitwa bado Shaba, watu wa asili ya Kasai wakafukuzwa katika nyumba, katika kazi, katika soko. Wengi walizaliwa hapa hapa. Babu zao walikuja kwa kazi ya Union Minière na ya reli. Tuliitwa bilulu, ndio kusema wadudu. Maelfu tukalala kwa gare na ndani ya mashule, tukingojea treni ya Mwene-Ditu, wengine kwa miezi. Watoto walikufa pale. Hatutaongeza, kila jamaa iko na yake.

Lakini kati ya waliobaki na manyumba yao mujini, kulikuwa watu waliokuja kutuona. Si wengi. Mama mumoja wa Kikula, jirani wa jamaa moja yetu, alikuwa anakuja magaribi na beseni kichwani, amelifunika na kikwembe kama mutu anayekwenda kuuza. Ndani, bukari na sombe. Anatua beseni, anasema tu: "Kamata, mama. Batoto bakule." Halafu anakwenda. Vijana wa barabarani wangemwona, wangemupiga. Hakutuhubiria. Hata jina la Mungu hatukulisikia kinywani mwake siku hizo.

Baba wa jamaa ile, mufanyakazi wa reli, alikuwa ameacha kusali. Alisema: "Hawa wanaotufukuza, siku ya Mungu tulikuwa tunapokea nao komunyo." Nani angemujibu? Alipanda treni na uchungu ule. Miaka yote kule Kasai hakuingia kanisani, hata siku ya ndoa ya mutoto wake alibakia inje chini ya muti. Aliporudi Likasi, kitu cha kwanza alitafuta nyumba ya mama yule. Akakuta amekufa. Binti yake akamwonyesha mahali mama alipokuwa anakaa kanisani, benchi ya nyuma karibu na mulango. Siku ya Mungu iliyofuata baba akaenda kukaa pale. Tulimuuliza sababu. Akasema: "Nilitaka kujua ni nini ilikuwa inamutuma."

Jambo hili ni la zamani kuliko Likasi. Katika karne ya 4, kule Misri, kijana mumoja mupagani alikamatwa kwa nguvu awe askari wa Roma, akafungiwa na wenzake katika muji wa Thebes. Wenyeji wakawaletea chakula. Kijana akauliza: watu hawa ni wa namna gani? Wakamwambia: ni Wakristo. Alipofunguliwa akabatizwa, na nyuma yake akaanzisha nyumba za watawa wanaoishi pamoja. Ni yeye tunayemwita Mutakatifu Pakomi. Muangalie vizuri: aliyeuliza ni yule aliyekula. Wenye chakula hawakumuuliza dini yake mbele ya kumupa mukate. (Wandugu Wametodisti wasikasirike kwamba tunaleta mutakatifu, huyu ni wa zamani, ni wetu sisi wote.)

Tuliona pia musaada wa namna ingine. Unakuja na daftari: andika jina, andika kanisa, simama upigwe picha na mufuko wa unga. Unga tulikamata, njaa haina haya. Lakini hakuna kati yetu aliyeuliza ni nini inawatuma. Tulikuwa tumekwisha kujua. Kwa hiyo, wafadhili wetu, munapotuomba picha za wanaosaidiwa na sisi tunakawia, si kwamba makuta yamepotea. Hesabu tutawatumia, franka kwa franka. Nyuso za watu hapana.

Sasa tuseme ile inayotuumiza. Wengi munajua mujane wa avenyu yetu, mwenye watoto wane. Munajua pia kwamba marehemu bwana yake alikuwa kati ya vijana wale wa 1992. Kamati ilipoulizwa kama kasha la chama linaweza kumusaidia, hatukusikilizana. Mumoja wetu, aliyezika watoto wawili kwa gare, alisimama na akatoka. Hatumuhukumu. Kasha likabaki limefungwa, na mpaka leo halijafunguliwa kwa ajili ya mujane yule.

Mama wawili wetu walikwenda bila kasha, na unga wao wenyewe na makala kidogo. Mara ya kwanza mujane hakufungua mulango. Mara ya pili alituma mutoto apokee. Mara ya tatu alitoka mwenyewe, akakamata unga, akaangalia chini. Hajauliza kitu, na wao hawajasema kitu. Juma linalokuja mumoja wa mama hao anasafiri kwenda Lubumbashi, na yule mwingine hawezi kubeba unga na makala peke yake. Anayeweza, amuone nyuma ya mukutano.