KUVUTA TELA NA KULIRUDISHA NYUMA: MANENO YA DEREVA WA SIKU NYINGI KWA WANACHAMA

(Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano wa wanachama, uwanja wa ghala, hapa Isikizya. Katibu ameyanakili ili waliokuwa shambani nao wayapate. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako ambaye macho yamechoka.)



Kwanza nashukuru kupewa nafasi hii. Mimi si mtu wa hotuba. Kazi yangu ilikuwa usukani, zaidi ya miaka thelathini, na sasa magoti yamekataa. Lakini Mwenyekiti amesema nieleze habari ya tela, maana tangu lifike hapa maneno yamekuwa mengi kuliko safari zake.

Wote mnajua kilichotokea juzi. Tela lilikuwa linarudi nyuma kuingia ghalani, likakunja, pembe yake ikagonga nguzo ya baraza. Nyuma ya nguzo ile walikuwa wamekaa watoto wawili wanakula karanga. Nguzo ndiyo iliyowaokoa, si dereva. Sasa wengine wanasema tela liuzwe. Wengine wanasema tumlaumu kijana. Mimi nasema tusikilizane kwanza. Kijana yule alifundishwa kwenda mbele tu. Kurudi nyuma nani alimfundisha? Hakuna. Tulimpa funguo tukamwambia twende kazi. Kosa hilo ni letu sote.

Ndugu zangu, sisi Wanyamwezi mzigo tunaujua tangu zamani. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mali ya nchi hii ilikwenda begani mpaka pwani. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake na chungu chake. Wamisionari wa London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani mwaka 1877. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe, wakarudi kuwategemea wapagazi.

Sasa pigeni hesabu. Tela letu likipakiwa tani 3, limebeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 90. Lakini wapagazi 90 wana macho ya watu 90, kila mmoja anaona jiwe kabla hajalikanyaga. Tani zetu tatu zinategemea macho ya mtu mmoja, na mtu huyo anaangalia mbele.

Naanza na kufunga tela, maana ajali nyingi huanzia hapo. Mkono wa tela unafungwa chini, kwenye chuma cha kuvutia, nyuma ya trekta. Usifunge juu, mahali pa kufungia jembe. Ukifunga juu ya usawa wa ekseli, siku mzigo ukikataa kusogea trekta litainua pua na kukulalia mgongoni. Hupati hata muda wa kuita mama. Halafu pini. Pini ya tela ni pini ya tela, na ina kipini chake cha kuizuia isiruke. Nimeona watu wanachomeka kipande cha nondo. Nondo hupinda kidogo kidogo, wewe huioni, mpaka siku moja unafika nyumbani na trekta peke yake. Weka na mnyororo wa akiba, ili pini ikitoka tela lisiende kutembelea nyumba ya mtu.

Wakati wa kufunga, anayechomeka pini asisimame katikati wakati trekta linarudi. Dereva arudi, asimame, aweke gia huru, avute breki ya mkono, ndipo mwenzake aingie. Nitawaambia mbele kwa nini nasema hivi kwa uchungu.

La pili ni kupakia. Tela letu ni la ekseli moja, magurudumu mawili, kwa hiyo ni kama mizani. Mzigo ukizidi nyuma, mkono unainuka na kuinyanyua trekta nyuma, matairi makubwa yanakosa nguvu ya kushika ardhi. Ukizidi sana mbele, pua ya trekta inakuwa nyepesi, unazungusha usukani lakini trekta halisikii. Panga mzigo sawasawa, halafu uzito kidogo tu uegemee mbele. Kuni za mabani ndizo zinazodanganya. Magogo ni marefu, yanachungulia nje nyuma, na uzito wote uko huko. Tumbaku nayo ni nyepesi lakini inakwenda juu. Belo zikifika juu sana, kwenye shimo moja tu tela linalala ubavu. Funga kamba, na mtu asikae juu ya mzigo wala juu ya mkono wa tela. Najua mnapenda. Hapana.

La tatu, kwenda barabarani. Pedeli za breki za trekta ni mbili, kulia na kushoto, kwa ajili ya kugeuka shambani. Ukitoka shambani zifunge pamoja. Ukikanyaga moja peke yake kwenye lami huku tani tatu zinakusukuma, utageuka ulipo. Ukifika mteremko, weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, usishuke na gia huru ati unaokoa dizeli. Dizeli hiyo utailipa hospitalini. Kwenye kona, kumbuka tela halipiti pale ulipopita wewe. Linakata ndani. Kwa hiyo nenda mbele zaidi kabla ya kukunja, usije ukabeba uzio wa mwenzako. Na barabara ya lami ina malori na mabasi, kwa hiyo leseni yenye daraja la trekta iwepo, na taa na viakisi vya nyuma viwepo. Giza likiingia bila taa, lala hapo hapo ulipo.

Wenye pawatila nao wanisikilize kidogo. Ukishuka mteremko na mzigo, ukibana klachi ya kulia mashine inaweza kwenda kushoto, maana mzigo ndio unaosukuma. Punguza mwendo kabla, na geuza kwa mikono, usiguse klachi hizo.

Sasa tufike kwenye kurudi nyuma, ambako ndiko tulikogonga nguzo.

Wazee mnamkumbuka kirangozi wa misafara, yule aliyetangulia na wengine wote wakamfuata. Basi ukienda mbele, trekta ndilo kirangozi na tela linafuata. Ukirudi nyuma, tela ndilo linatangulia. Wewe dereva umekuwa mtu wa mkiani, na unataka kumwelekeza kirangozi ukiwa nyuma yake. Ndiyo maana mambo yanageuka.

Kanuni ni hii. Unataka nyuma ya tela iende kulia? Anza kwa kuzungusha usukani kushoto. Unataka iende kushoto? Anza kulia. Aliyewahi kurudisha mkokoteni wa ng'ombe anajua: ukiwasukuma ng'ombe kushoto, mkokoteni unatazama kulia. Kama kichwa kinachanganyikiwa, shika usukani kwa chini. Mkono ulioko chini ukienda kulia, na nyuma ya tela inakwenda kulia. Hilo peke yake limewasaidia wengi.

Lakini kanuni hiyo ni nusu ya kazi. Tela likishaanza kwenda unakotaka, usiendelee kuzungusha upande ule ule. Rudisha usukani polepole, ulifuate. Kijana wetu juzi aliendelea kuzungusha, tela likakunja kama kiwiko, mpaka mkono wake ukakaribia kuuma tairi la trekta. Hapo hakuna usukani wa kukuokoa. Dawa ni moja: simama, nenda mbele, nyoosha, anza upya.

Jamani vijana, kwenda mbele na kuanza upya si aibu. Nasema tena, si aibu. Mimi nimeendesha miaka yote hiyo na bado naanza upya mara mbili, mara tatu. Kinachowaua ninyi ni watu waliosimama pembeni wanacheka. Wacheke. Wanaocheka hawatalipa nguzo.

Mwendo uwe wa kobe. Gia ndogo ya nyuma, mafuta kidogo. Usukani uzungushwe kidogo kidogo, maana tela fupi kama letu linakunja upesi kuliko lile refu. Na lile la magurudumu manne, la jirani zetu, lenye mbele inayogeuka, msijaribu kulirudisha mbali. Lile linakunja mahali pawili. Tafuteni uwanja mzungukie.

Halafu kuna habari ya mwelekezaji. Juzi nilisikia sauti kumi. Huyu anasema lete, lete, yule anasema kata kulia, mama mmoja anapiga kelele simama. Dereva amsikilize nani? Mwelekezaji awe mmoja. Asimame pembeni, mahali ambapo dereva anamwona, si nyuma ya tela. Wapatane ishara za mikono kabla, maana trekta linanguruma. Na dereva ashike neno hili: usipomwona mwelekezaji wako, simama. Usisubiri, usiite, simama kwanza.

Sasa niwaambie kwa nini. Nilipokuwa bado kijana nilikuwa na utingo wangu, mdogo wangu wa kunyonya ziwa moja. Tulikuwa tunapakia kuni, jua limezama, nina haraka. Nikarudisha tela, nikamwona, kisha sikumwona. Nikasema moyoni, atakuwa amekwenda upande wa pili. Alikuwa ameinama anaondoa gogo. Gurudumu lilipita juu ya mguu wake. Hakufa. Lakini hakulima tena kwa mguu ule, na mpaka leo tukikaa kula pamoja namwona anavyoukunjua mguu ule kwa mikono miwili. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo nikiona watoto wanakula karanga nyuma ya nguzo, mimi sioni nguzo, naona mguu.

Ombi langu kwa mkutano ni hili. Tela lisiuzwe. Mlilichangia wenyewe, na masoko ya tumbaku yanakaribia. Mkikodi gari la mtu, faida itaondoka na gari lake. Lakini lisirudi nyuma hapa ghalani mpaka watu wamejifunza. Nipeni vijana wanne, akiwemo yule aliyegonga. Huyo ndiye namtaka zaidi, maana ameshaogopa, na dereva anayeogopa kidogo ni dereva mzuri. Tutasimika vigingi vinne kwenye uwanja, tela likiwa tupu. Siku ya kwanza kurudi hatua ishirini moja kwa moja, basi. Siku ya pili kuingia kati ya vigingi kwa upande mmoja. Kisha upande wa pili. Kigingi kikianguka hatuna hasara, tunakisimamisha. Baadaye ndipo tupakie nusu mzigo.

Na ninyi watoto, mnatengeneza vigari vya mabua vyenye tela. Visukumeni kinyumenyume mchangani muone vinavyokunja. Mtakuwa mmenitangulia, maana mimi nilijifunza kwa mguu wa ndugu yangu.

Sina zaidi.  Ushirika ni nguvu.

(Mkutano ulikubali: 1. Tela haliuzwi. 2. Mazoezi ni kila Jumamosi asubuhi, uwanja wa ghala. Wazazi wazuie watoto. 3. Majina manne yamepatikana, akiwemo binti mmoja aliyejitokeza mwenyewe. 4. Nguzo ya baraza itasimamishwa na vijana hao hao wanne, saruji itatoka kwenye chama. – Katibu)