Habari za Finjani



Nitasema juu ya finjani, kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho mkono. Jina lake ni la Kiarabu, na hata leo chazunguka Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918.

Muuza kahawa huchukua birika lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe. Kwa mlio huo watu wajua amefika. Tajiri na mchukuzi hukaa ubao mmoja. Msibani mgeni hupewa kwa mkono wa kuume. Kwa desturi ya Waarabu hakijazwi hata ukingo, na huko Oman aliyetosheka hukitikisa tu.

Watu wa Uskoti nao wana quaich, bakuli la mikono miwili. Zamani lilikuwa la mti. Siku hizi mara nyingi ni la fedha, na maarusi hulinywea pamoja.

Lakini kushiriki chombo kuna hatari. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam. Wako wasemao heri vikombe vya kutupa. Mimi sikubali. Finjani ya kauri huvumilia maji ya moto, na moto muuzaji anao daima. La kukatazwa ni ile ndoo moja ya maji baridi, isuuziayo vikombe vya watu wote tangu alasiri hata isha. Naachemshe maji, ayabadili mara kwa mara, na mnywaji asione haya kumwuliza.