Demarere ya kamio isiyotaka kuachia

Maneno kwa watu wa vijiji vya njia ya Kasongo na Kabambare

Mimi ni mtoto wenu, monitere wa kilimo, na kazi yangu mnaijua: habari za mbegu, habari za mistari ya kupandia, habari za muhogo ulioshikwa na ugonjwa. Leo sitasema habari ya mbegu. Leo nasema habari ya chuma kimoja kilicho chini ya kamio. Mzee mmoja ameniuliza: «Monitere wa mashamba ana kazi gani na motokari?» Swali lake ni zuri, nami nitalijibu kwanza.

Ninyi mnalima mpunga, muhogo na karanga, na mnapika mawese. Watu wanaochimba dhahabu huko Namoya na Salamabila wanashinda mashimoni. Chakula chao ni lazima kitoke kwa mtu mwingine. Kati ya shamba lenu na chungu chao iko njia, na juu ya njia iko kamio. Kamio ikisimama, mpunga wenu umesimama. Basi habari ya kamio ni habari ya shamba vilevile.

Mwaka jana, wakati wa mvua, nilipanda juu ya kamio moja kutoka Kasongo. Ilibeba mchele, mawese na watu. Mama yangu mdogo alikuwa na magunia yake mawili humo. Asubuhi ufunguo ulikataa kuamsha motere, kwa kuwa batri ilikuwa imechoka. Kijana wa shofere akaingia chini na turnavisi, akaunganisha vichwa viwili vya demarere kwa chuma kile. Cheche zikaruka, motere ikaamka, watu wakapiga makofi. Lakini tulisikia mlio mwembamba, kama wa mbu mkubwa, usiokoma. Shofere akasema, «Si kitu,» tukaenda. Hatukufika mbali. Moshi ukatoka chini, ngozi ya waya ikaungua, kamio ikasimama kwenye matope. Tulilala hapo siku nne. Turubai ilikuwa na matundu. Mchele wa mama mdogo ulilowa, ukaota ukungu, akaumwaga majini. Mimi monitere, niliyesoma kitabu, nilikaa pale nikitazama tu, kwa kuwa sikujua lolote. Haya yalinitia haya. Baadaye nilikwenda kwa fundi mmoja wa Kasongo, naye akaifungua demarere ile iliyoungua mbele ya macho yangu. Ninayowaambia nimeyaona katika mikono yake.

Zamani motokari iliamshwa kwa mkono, kwa chuma kilichopindwa kiitwacho manivele. Mara nyingine chuma kile kilirudi nyuma kwa nguvu na kumvunja mtu mkono. Huko Marekani, mwaka 1911, bwana mmoja jina lake Charles Kettering alitengeneza motere ndogo ya umeme ya kuamsha motere kubwa, na motokari za Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa nayo. Hiyo ndiyo demarere.

Fikirini mtoto anayesukuma baiskeli ya baba yake. Anakimbia nyuma, anasukuma, na baiskeli ikishika mwendo lazima aachie mkono. Asipoachia, ataburutwa. Demarere ni mtoto huyo. Ina gurudumu dogo lenye meno, mafundi wetu hulitaja bendiksi. Motere kubwa ina gurudumu pana lenye meno kandokando. Ukizungusha ufunguo, bendiksi inasukumwa mbele, inauma meno ya gurudumu pana, inalizungusha mpaka motere iamke. Ukiachia ufunguo, uzi wa chuma uliojiviringa unairudisha nyuma.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Kama bendiksi ina meno 10, na gurudumu pana meno 130, basi gurudumu pana likizunguka mara 1, bendiksi inazunguka mara 13. Motere iliyoamka, hata ikiwa polepole, yaweza kuzunguka mara 800 kwa dakika. Bendiksi ikibaki imeuma meno, itazungushwa mara 10,400 kwa dakika moja! Ni kweli, ndani ya bendiksi iko ngazi ya kuteleza, inayoacha meno yazunguke bila kuburuta demarere yote. Lakini ngazi hiyo imetengenezwa kwa nukta chache tu. Ikiachwa hivyo njia nzima inapata moto, inashikamana, na waya za shaba zilizo ndani ya demarere zinatupwa nje kama manyoya ya kuku.

Juu ya mgongo wa demarere iko kopo dogo, linaitwa solenoidi. Hili lishikeni vizuri, kwa kuwa ugonjwa mwingi umelala humo. Ufunguo unapeleka umeme mdogo, kwa waya mwembamba, mpaka kwenye kopo. Ndani yake waya uliozungushwa unageuka sumaku, unavuta kipande cha chuma. Kipande hicho kina kazi mbili: upande mmoja kinasukuma bendiksi mbele, upande wa pili kinagusanisha vichwa viwili vya shaba, ili umeme mkubwa wa batri upite kwa waya mnene. Umeme huo mkubwa si wa mchezo. Katika motokari ndogo hupita amperi 100 na zaidi.

Basi, demarere ikikataa kuachia, msikimbilie nyundo. Ulizeni kwanza swali moja tu: je, umeme bado unakuja, au umeme umekoma na meno ndiyo yamekwama? Haya ni magonjwa mawili, na dawa zake si moja.

Zimeni motere, toeni ufunguo, sikilizeni. Kama demarere bado inazunguka peke yake, umeme bado unakuja. Hapo fanyeni upesi: fungueni waya wa batri kwenye kichwa chenye alama ya kutoa, ule uliofungwa kwenye mwili wa kamio. Anayevuta sigara aende mbali, kwa kuwa batri hutoa hewa inayowaka. Wala msiutoe waya huo wakati motere kubwa inaunguruma. Mtaharibu mashine inayotia umeme katika batri. Zima kwanza, ndipo utoe.

Batri ikiisha kufunguliwa, wekeni mawe kwenye magurudumu, toeni gia, asikae mtu chini ya kamio. Kisha vueni ule waya mwembamba wa solenoidi, na mguse tena kichwa cha batri kwa waya wake, mara moja tu. Kama demarere inaruka kuzunguka, hali waya mwembamba hauko, basi vichwa vya shaba ndani ya kopo vimeshikana kwa moto. Ufunguo hauna kosa. Kama iko kimya, kosa liko juu: ufunguo haurudi mahali pake, au kile kisanduku kidogo cha kupitishia umeme kimeshikana, au waya wawili wamechubuka na kugusana. Tazameni ufunguo: ukiuachia baada ya kuamsha, je, unarudi wenyewe? Nimeona shofere aliyetundika hapo funguo za nyumba, za duka na za sanduku, mzigo mzima. Sijui nyumba yake ina milango mingapi.

Lakini kama umezima motere na demarere imenyamaza, na ule mlio mwembamba ulisikika tu motere ilipokuwa ikiunguruma, basi ni bendiksi iliyokwama. Hapa kwetu mwenye kosa wa kwanza ni vumbi jekundu. Watu wanadhani wanaisaidia bendiksi kwa kuipaka grisi nyingi. Wanaidhuru! Grisi inashika vumbi, vumbi linakuwa udongo, na udongo unaizuia kurudi. Isafisheni kwa brashi na petroli kidogo, mbali na moto, waya wa batri ukiwa umefunguliwa. Kisha tone la mafuta mepesi latosha. Tazameni pia uzi wa kurudisha kama haukuvunjika, meno kama hayakulika, na buloni za demarere kama hazikulegea. Demarere iliyolegea inakaa upande, na meno yake yanaumana vibaya.

Mtaniuliza: hivyo vichwa vya shaba vinashikana kwa nini? Jibu lake ndilo lililomwaga mchele wa mama mdogo. Batri ikichoka, sumaku haina nguvu ya kukibana kile kipande. Kinagusa na kuachia, kinagusa na kuachia, mnasikia «ta-ta-ta-ta». Kila mara cheche inayeyusha shaba kidogo, na mwisho vinaungana kama vilivyochomelewa. Na batri inachoka kwa sababu usiku mzima inatia umeme katika simu za abiria wote na kuimbisha redio. Tena mtu akiamsha kwa turnavisi, cheche zinakula vichwa na waya, na kama gia imesahauliwa ndani, kamio yaweza kumpitia yule aliye chini. Mkisikia «ta-ta-ta», acheni ufunguo. Safisheni vichwa vya batri, kazeni waya, au sukumeni kamio. Wala msibane ufunguo zaidi ya nukta 10. Ngojeni dakika moja au mbili ndipo mjaribu tena.

Mkiwa porini, mbali na fundi, na vichwa vimeshikana: waya wa batri ukiwa bado umefunguliwa, toeni waya mnene kwenye demarere, uzungushieni mpira wa gurudumu la baiskeli, mfunge sana usiguse chuma. Kisha rudisheni waya wa batri, sukumeni kamio iamke, mwende mpaka mjini. Lakini hakikisheni kwanza bendiksi imerudi. Kama bado imeuma meno, tieni gia ya juu, motere ikiwa imezimwa na batri imefunguliwa, mahali pa sawa, abiria wote wameshuka, mkaitikise kamio mbele na nyuma kwa mikono. Mara nyingi meno yanaachana. Yakikataa, demarere lazima ishuke. Kupiga kopo polepole kwa kipande cha mti kwaweza kuachisha vichwa kwa siku hiyo, lakini vitashikana tena. Kupiga demarere kwa nyundo ni vibaya kabisa, maana nyingi za siku hizi zina sumaku ngumu ndani, nazo hupasuka kama sahani.

Ninyi wa pikipiki, mnaobeba muhogo na mawese, msicheke. Yenu nayo ina kisanduku cha kupitishia umeme, nacho hushikana vilevile. Ukiachia kidude cha kuamshia na demarere inaendelea kulia, zima, fungua batri. Kisha tumia mguu mpaka upate kisanduku kingine.

Demarere ile iliyoungua iko hapa mezani, imefunguliwa. Fundi alinipa bila malipo. Vijana, sogeeni, waacheni wazee na mama watangulie. Hivi vidogo vyeusi ndivyo vichwa vya shaba. Gusa, baba, uone vilivyoungana. Na huu ndio ule waya mwembamba wa kuvua, batri ikiisha kufunguliwa.