Mguu Umevunjika, Kuni Hazijapasuliwa

Ndugu msikilizaji, ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kipupwe kimeingia, atafurahi. Kwake kipupwe ni ile miezi ya Juni, Julai na Agosti ambayo feni huzimwa usiku na mtu hufika kazini asubuhi shati likiwa bado kavu mgongoni. Mpe habari hiyo hiyo mtu wa Makete, huku Nyanda za Juu Kusini, uone atakavyoinua macho kuangalia bati la nyumba yake, kisha ayashushe kuangalia rundo la kuni. Kwetu kipupwe ni jalidi, yaani umande ulioganda. Unaamka unakuta majani meupe kama yamemwagiwa chumvi, maji ya ndoo iliyolala nje yamefanya utando wa barafu, na viazi vilivyochelewa shambani vimebabuka majani utadhani vimepitiwa na moto.

Ndiyo maana kila mwaka, mwishoni mwa Mei, mvua zinapokatika, huchukua siku zangu 14 za likizo nikapanda basi kwenda kwa mama. Mama ana umri wa miaka 74, anaishi na mtoto wa dada yangu anayesoma sekondari. Ndugu zangu wawili wako Kariakoo madukani, kama walivyo Wakinga wengi. Fedha wanatuma kwa simu, tena bila kuchoka, wala sitaki kuwasema vibaya. Lakini kuni hazipasuliwi kwa simu. Kazi zangu nikifika huwa tatu: kupasua kuni za miezi mitatu, kuziba nyufa za nyumba kwa udongo, na kupigilia upya mabati yaliyolegezwa na upepo. Mwaka huu niliziba nyufa. Siku ya nne nikavunjika mguu.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Mimi na mpwa wangu tukasema tutembee kuelekea uwanda wa Kitulo, tukauone kwa pembeni kisha tugeuze. Kitulo iko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, ambayo huchanua sana kati ya Desemba na Aprili. Mwishoni mwa Mei maua mengi yamekwisha, lakini hewa huwa safi na macho yanafika mbali. Mama alituuliza tunafuata nini huko juu. Nikamjibu kwamba tunatembea tu.

"Mtu mzima apande mlima bila kufuata kitu?" akauliza, akamtazama mjukuu wake kama anayetafuta shahidi.

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Daktari wangu wa mjini ameniagiza nitembee kwa sababu ya shinikizo la damu. Mama amepanda na kushuka milima hii maisha yake yote akiwa na mzigo kichwani, na hakuna daktari aliyewahi kumwagiza.

Tulikuwa tunarudi, yapata saa 8 mchana. Njia ilikuwa kavu, viatu vyangu vilikuwa vya kazi hiyo, na fimbo nilikuwa nayo mkononi. Jiwe lenye ukubwa wa mkate, ambalo mpwa wangu alikuwa amelikanyaga dakika ile ile na likatulia, lilipopata uzito wangu likageuka. Mguu wa kulia ukapinda kwa ndani. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa, na nikajua.

Pale tulipokuwa simu haikupata mtandao. Mpwa wangu ana miaka 16, lakini alifanya mambo kwa mpango ambao ningependa kuuona kwa watu wazima wengi. Kwanza aling'oa majani makavu akayatandika, akasema, "Mjomba, usikae juu ya ardhi, itakunyonya joto." Pili akavua sweta lake akanipa. Kisha ndipo akakimbilia kwenye kilele kilichokuwa karibu kutafuta mtandao. Nilikaa peke yangu kwa saa mbili na nusu. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, nikaanza kutetemeka meno. Sisi wa pwani tunadhani baridi ni jambo la usiku na la mwezi Julai. Mlimani mtu aliyekaa bila kujongea anaweza kupata madhara ya baridi mchana wa Mei, na hayo humaliza watu ambao mfupa tu usingewaua.

Waliokuja walikuwa tisa. Nimewahesabu mara nyingi tangu siku ile, na nitaeleza kwa nini. Wavulana watano wa sekondari, kijana mmoja mwenye bodaboda aliyeiacha njia panda, mama mmoja jirani yetu, na wazee wawili ambao wote wamevuka miaka 60. Walileta miti miwili na mablanketi mawili. Hiyo ndiyo machela.

Hapo ukatokea ubishi kidogo. Mmoja alitaka auvute mguu "urudi mahali pake". Mwingine alishauri tukifika nyumbani nikandwe kwa maji ya moto. Nayasema haya, ndugu msikilizaji, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya karibu nchi nzima. Mguu ulioumia saa hiyo hiyo ukiukanda kwa maji ya moto unazidi kuvimba, na kuusugua au kuuvuta kunaweza kukisogeza kipande cha mfupa kikakata kisichokatwa. Yule mama jirani alimaliza ubishi. Aliweka vijiti viwili, kimoja kila upande, akazungushia kitenge chake, akafunga kwa kiasi cha kuuzuia mguu usicheze, akaniuliza kama bado ninavihisi vidole. Nilipomwambia ninavihisi, akasema, "Haya, nyanyueni."

Kubeba mtu si mchezo. Miti inahitaji mabega manne kwa wakati mmoja, na kwenye mteremko wale wa mbele wanakula uzito wote. Baada ya mwendo wa dakika kumi lazima wapokezane. Kilometa sita zilituchukua saa tatu. Mzee mmoja, katika kupumzika, aliniambia maneno ambayo sijayamaliza kichwani. Alisema kwamba katika miaka ya 1980 alipokuwa kijana, mgonjwa akibebwa walikuwa wanajitokeza wanaume 20, wanagombea miti. Halafu ukaja ugonjwa. "Tukawabeba wenzetu tuliokuwa tunabeba nao," alisema. "Mmoja mmoja, mpaka miti ikakosa mabega."

Wanaoijua historia ya Makete wataelewa. Wilaya hii iliumizwa vibaya na UKIMWI katika miaka ya 1980 na 1990. Bibi walilea wajukuu, nyumba zikabaki na wazee na watoto. Siku hizi dawa za kufubaza virusi zipo na watu wanaishi, tunashukuru. Lakini kijana akipona, akikua, akimaliza shule, anakwenda Kariakoo, au Mbeya, au Makambako. Simlaumu, mimi mwenyewe nilikwenda. Ninachosema ni kwamba wale wavulana watano walionibeba wako kijijini kwa sababu shule iko kijijini. Wakimaliza, nani atashika mti?

Zahanati walinipa dawa ya maumivu na kuufunga mguu vizuri zaidi. Eksirei hawana, na zahanati haijengwi kwa ajili ya hiyo. Asubuhi yake tukakodi pikapu ya kubeba viazi, nikalazwa nyuma juu ya magunia, tukateremka Matamba kwenda Chimala. Aliyepita njia ile anaijua: kona 57, na chini yako bonde la Usangu limetandazwa kama mkeka. Ni moja ya mandhari nzuri kabisa katika nchi yetu. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nahesabu kona.

Picha ikaonyesha mfupa wa nje wa kifundo umevunjika, ila haujahama. Nikawekewa nusu plasta kwanza, kwa sababu mguu uliovimba ukifungwa plasta nzima unaweza kujinyonga. Baada ya wiki moja nikarudi tena kwa kona zile zile, nikafungwa plasta yenyewe, ile ambayo wapenzi wa mpira huiita hogo. Nimeambiwa wiki sita.

Mganga aliyenihudumia alinieleza jambo la manufaa. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni nyepesi ya kumjua aliyeteguka tu na anayehitaji kupigwa picha. Ikiwa mtu hawezi kupiga hatua nne kwa mguu ule, wakati wa kuumia na tena anapofika hospitali, au ukibonyeza ncha au ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, upande wowote, anaumia pale pale kwenye mfupa, basi apelekwe eksirei. Ni kanuni ya kuchujia watu wazima wenye fahamu zao, na mtaalamu ndiye wa kuamua. Lakini hatua nne hata mtoto wa shule anaweza kuzihesabu.

Na hapa kipupwe kinarudi. Mwenye plasta huambiwa aangalie vidole: vikiwa baridi, vya bluu, vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, arudi hospitali upesi. Sasa mimi niko Makete mwezi Juni. Vidole vya nani si baridi? Nilifundishwa kulinganisha na vya mguu mzima, na kubonyeza ukucha uwe mweupe kisha nione damu inarudi mara moja. Mama amenifumia kofia ya sufu ya vidole. Kila jioni huivua, hubonyeza kucha mwenyewe kwa dole gumba lake, hunirudishia. Hajaniruhusu nifanye peke yangu. Jirani alishauri niwekewe jiko la mkaa chumbani usiku, mama akakataa katakata, na alikuwa sahihi. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Mwanamume wa makamo kubebewa maji ya kuoga na mama yake ni jambo la aibu, nisiseme uongo. Nimekuja kumpasulia kuni, sasa yeye ananisogezea kigoda karibu na mafiga na kunipa bakuli la viazi nimenye. Jumamosi iliyopita wale wavulana walikuja na mashoka. Hakuna aliyewaita. Wamepasua kuni mpaka rundo likafika dirishani, wakala viazi na maharage, wakaondoka. Mama alitaka kuwalipa, wakakataa, na yule mdogo kuliko wote akasema, "Bibi, sisi tulikuwa tunajipasha joto."

Sasa nina ombi, na ninalitoa kwa wanaopanga bajeti za halmashauri za milimani, si Makete peke yake. Mfumo wa m-mama, ule wa namba 115, upo kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, nao ni jambo jema sana. Mwenye mguu uliovunjika hayumo. Simdai mtu helikopta. Nadai machela moja ya kweli, yenye mikanda, pamoja na mablanketi mawili na vibao vya kufungia mguu, ikae kwenye ofisi ya kila kijiji, na watu sita wafundishwe kuitumia. Machela yenye mikanda inaweza kubebwa na watu wachache zaidi na kwa usalama zaidi kuliko miti miwili na blanketi. Na mabega, kama nilivyosema, yanapungua.

Mazungumzo haya nimeyarekodi jikoni kwa mama. Waliosikiliza redioni walisikia kuni zikialika na kuku mmoja asiye na adabu. Mnaosoma gazetini mmesalimika. Jalidi ya kwanza ilianguka Jumanne. Plasta itafunguliwa katikati ya Julai. Mpaka hapo nipo huku huku, na kwa kuwa malori ya viazi yameanza kupanda, wiki ijayo nitazungumzia bei wanayopewa wakulima na ile mnayolipa ninyi sokoni.