Nani Aliua Studio ya Picha? Hoja Kutoka Singida



Kuna hukumu iliyokwisha kutolewa, na kila anayeulizwa habari za studio za picha huirudia bila kufikiri: simu ndiyo iliyoziua. Nimeisikia kwa makondakta, nimeisikia kwa wanafunzi wangu na, linaloniudhi zaidi, nimeisikia kwa maprofesa. Sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha ndani ya hukumu hiyo, kwamba watu walikwenda studio kwa sababu walitamani picha.

Dhana hiyo asili yake ni pwani. Historia yenyewe mnaijua, sitawachosha kwa wapiga picha wake: Gomes wa Unguja karne ya 19, Ranchhod Oza na Capital Art Studio tangu 1930, Parekh wa Mombasa, Bakor wa Lamu. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, na mapazia yao ya meli na ndege, wameandikwa na mwanaanthropolojia Heike Behrend kwa umakini ninaouheshimu. Kutokana na kazi hizo tumejijengea nadharia nzima: studio ni nyumba ya ndoto, mahali ambapo kibarua hugeuka bwana kwa dakika tano. Nadharia tamu. Sasa ipandisheni treni ya Reli ya Kati, iteremsheni Manyoni au Itigi, muipeleke Kiomboi kwa basi, tuone kama itafika nzima.

Mteja wa huku aliingia studio na karatasi mkononi. Fomu ya shule. Fomu ya mkopo wa ushirika. Barua ya utambulisho, yenye kona iliyoachwa wazi kwa ajili ya uso, ili muhuri ulalie nusu juu ya picha na nusu juu ya maandishi. Studio ya bara ilikuwa karani wa serikali asiyelipwa mshahara.

Ushahidi wangu mkubwa unatoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, na naomba mnivumilie kwa sababu sichoki kuutazama. Mwaka 2011 mpiga picha Mwitalia, Martina Bacigalupo, aliingia Gulu Real Art Studio, akakuta picha zisizo na nyuso. Mtu ameketi, mikono mapajani, nyuma yake pazia. Mahali pa kichwa pana tundu la mstatili. Mashine ya pasipoti ilitoa nakala nne kwa mpigo, na si kila mteja alihitaji nne au aliziweza. Ikawa nafuu kupiga picha moja ya kawaida, kuisafisha, kukata uso na kutupa mwili. Mabaki hayo yalitoka kama kitabu mwaka 2013.

Tazameni koti. Koti lilelile la suti, mali ya studio, linarudi juu ya mabega tofauti, hapa limembana mtu, pale mikono imemeza vidole. Chini ya koti ni nguo za kila siku. Mwenzetu wa nyumba ya ndoto angesema huyu anajivika ukubwa. Hapana, ndugu yangu! Mkasi utapita kifuani. Koti limevaliwa kwa ajili ya ile sehemu itakayobaki, basi. Ndoto gani hiyo ambayo mwenyewe anaiacha kwenye kapu la taka na kuondoka na kipande cha sentimita chache?

Mtaniambia Gulu ilikuwa imetoka vitani. Kweli. Singida haikuwa na vita. Ilikuwa na fomu. Mimi picha yangu ya kwanza ilipigwa kwa sababu ya fomu ya kidato cha kwanza. Nilivalishwa shati jeupe lililokuwa likitundikwa msumarini, kola yake imekwisha kupokea shingo nyingi. Baba hakuuliza kama nimependeza. Aliuliza, “Zinatoka lini?” Akajibiwa kwamba filamu haijaisha. Filamu ya 120 kwenye kamera ya mraba hutoa picha 12, na hakuna mwenye studio aliyeisafisha kabla ya picha ya mwisho kupigwa. Hivyo safari yangu ya shule ikawa inawasubiri watu wengine wenye fomu zao.

Nipime upande wa pili kwa haki. Picha za Idi, Krismasi, harusi, na zile za baada ya kuuza alizeti au vitunguu, zilikuwepo, na simu imezichukua. Lakini hizo zilikuwa za msimu, na kabla ya simu walikwisha kuzinyakua wapiga picha wa kutembea, wenye kamera za filamu ya rangi, waliomfuata mteja hadi mlangoni pa kanisa. Studio ikaendelea kula. Iliyokuwa ikiilisha mwaka mzima ni karatasi.

Pigo, kwa hiyo, lilikuja pale ofisi zilipoanza kupiga picha zenyewe. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa iliyoundwa 2008, ina kamera yake. Uandikishaji wa wapiga kura wa 2015 kwa mfumo wa kibayometriki, BVR, ulikuwa na kamera yake. Leseni ya udereva vilevile. Serikali imemwachisha kazi karani wake bila hata barua.

Na pale karatasi ilipobaki, studio ipo. Piteni mjini hapa msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu: yule yule mpiga picha sasa ana steshenari, anaskani cheti cha kuzaliwa, anachapa fomu, na pazia la bluu limening'inia nyuma ya mashine ya fotokopi likimsubiri mwombaji na mdhamini wake. Mwombaji ana simu nzuri mfukoni. Mbona yuko kwenye foleni?

Ninyi wenye studio mliomo ukumbini, daftari zenu za oda msiwape wauza maandazi wakafungie. Nileteeni. Picha nzuri wapeni wengine. Mimi nataka safu ya pasipoti.