Kuchagua Shule ya Sekondari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi wa wanafunzi waliomaliza darasa la saba)



Kila matokeo yakitoka tunauliza: shule ile ilitoa daraja la kwanza wangapi? Halafu mzazi anauza mahindi yote ili mtoto aende huko. Naomba tulitazame jambo hili taratibu.

Mimi nilisoma nikikaa kwa shangazi, Namakwekwe, mjini Mbale. Shule yangu ilikuwa ya serikali, ya kutwa. Kitabu kimoja cha fizikia tulikisoma watu sita, na maabara tuliichungulia dirishani mpaka kidato cha nne. Jioni nilichota maji kwanza, ndipo nikasoma kwa kibatari. Nje ya mji huo huo, njia ya Tororo, ipo Nabumali High School, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1900. Shule za bweni kama hiyo huchagua watoto wenye alama nzuri, na usiku huwa na saa za kusoma. Matokeo peke yake hayaonyeshi tofauti hiyo.

Tena ulizeni ni wangapi walioketi kufanya mtihani. Arobaini waliofaulu vizuri kati ya 400 ni mmoja kwa kumi. 15 kati ya 60 ni mmoja kwa wanne. Lakini sisi tunasikia arobaini tu.

Na hayo madaraja yenyewe yamekwisha. Kuanzia mtihani wa 2024, kidato cha nne hupewa herufi, A hadi E, kwa kila somo, na kazi za darasani zina alama 20 kwa 100. Mwalimu asipofika darasani, mtoto anazikosa hata kama ana akili.

Kuhusu ada: tangu 2007 serikali ya Uganda huzilipia shule zilizo katika mpango wa USE, kwa mtoto aliyepata jumla isiyozidi 28. Chakula cha mchana na sare ni juu ya mzazi. Wengi hapa waliambiwa "bure", wakashtuka mwezi wa kwanza.

Ukienda kuiona shule, usiishie ofisini. Omba kufunguliwa maabara, utazame kama chupa zina vumbi. Muulize mwanafunzi, si mwalimu, wiki iliyopita walikosa vipindi vingapi.

Mwenye barua ya shule aje nayo Jumatano asubuhi. Tutaisoma pamoja, hasa ukurasa wa gharama, kabla hajauza chochote.